Kivuko cha Saa Tatu

Alikuwa amefika kwenye njia ya nne, akisoma mstari kwa mstari huku kidole kikifuata, wakati mlango wa duka la uchapaji ulipofunguliwa na kelele za barabarani zikaingia zote kwa mkupuo: honi, pikipiki, mtu anayeuza chaja kwa kipaza sauti. Hakuinua kichwa. Bango lililotandazwa kwenye kaunta lilikuwa na ukubwa wa mlango, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha halina kosa kabla halijachapwa kwenye bati na kusimamishwa pale njia za baiskeli zinapoanzia.

"Kilomita kumi na nane," alinong'ona. "Tuta la bahari. Mashamba ya chumvi. Mlango wa mto, kivuko, kilima cha mawe. Panda kwa gia nyepesi."

Njia zote sita alizipima yeye, kwa baiskeli yake, na kwenye karibu kila nguzo akachora mshale mwekundu. Ndiyo maana watu walimwita Bi Mshale. Suruali yake ilikuwa na tope kavu mpaka magotini, kofia ngumu iko kwapani, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi. Usukani ukitetemeka juu ya mawe siku nzima, vidole hulala. Vyake vilikuwa vimelala tangu miezi saba iliyopita na havikuwa na haraka ya kuamka.

"Mama, nimekuja kuchukua kibao changu," mtu alimwambia mwenye duka.

Bi Mshale aliijua sauti hiyo. Akasubiri kitu kimpate. Hakuna. Ilikuwa kama kubonyeza swichi wakati umeme umekatika.

Aligeuka. Fundi baiskeli alisimama pale katika shati jeupe lililopigwa pasi. Kwa muda wote aliomfahamu alimzoea katika ovaroli ya buluu. Kucha tu ndizo hazikubadilika, bado zilikuwa na grisi.

"Bi Mshale."

"Fundi."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Haya."

Mama mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliwatazama kwa zamu. "Hee! Mbona mnasalimiana kama mko kwenye foleni ya benki?" Akaingia nyuma, akatoka na kibao cha mbao kilichofungwa kamba, akakiegemeza kwenye kaunta. Herufi zilikuwa kubwa na nyeusi, rangi bado mbichi: TUMEHAMA.

Bi Mshale alilisoma neno hilo kama alivyosoma kilomita. "Unahama?"

"Jumamosi. Ile karakana ya mji wa pili. Wamenirudia tena."

"Nilidhani ulishakwenda."

"Mara ya kwanza niliwakatalia."

Alitaka kuuliza kwa nini. Akarudisha kidole kwenye bango.

Walikuwa wamekutana kwenye karakana yake, siku aliyompelekea gurudumu lililopinda. "Dada, hili umeliendesha au umelikaanga?" fundi aliuliza, na Bi Mshale, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo kila Jumapili walitoka pamoja. Fundi alimfundisha kupunguza upepo kwenye tairi kabla ya kuingia topeni, na kushuka mlima kwa kurudisha kiuno nyuma ya kiti. Bi Mshale alimfundisha kusoma maji: yakipwa, mlango wa mto unaacha ukanda wa changarawe unaopitika kwa baiskeli kwa saa mbili hivi. Yakijaa, ng'ambo ni ng'ambo.

Kisha ikaja ile kazi ya mji wa pili. Fundi alisitasita. Bi Mshale hakuwa mtu wa kubembeleza. Jioni moja akamwandikia ujumbe kwenye simu: "Kesho 3:00, kivukoni. Ukija nitajua umebaki. Usipokuja, nimeelewa." Asubuhi yake alikaa juu ya jiwe ng'ambo, kaptula mpya, kitambaa cha kijani shingoni, mpaka maji yakamfukuza. Hakuja mtu. Baadaye mchana simu yake iliita mara mbili, jina la fundi likawaka, naye akakata mara mbili. Kuanzia siku hiyo aliamka, akapima, akachora, akala, akalala. Dada yake alikuwa akimpigia kila wiki. "Unalia?" "Hapana." "Una hasira?" "Hapana, dada." "Basi nimezaliwa tumbo moja na jiwe la kusugulia miguu!"

"Wewe, binti," mama mwenye duka alisema, akishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. "Hapa kwenye jedwali la maji. Maji kupwa, 3:00. Hii ni saa tatu au saa tisa?"

"Saa tatu. Asubuhi."

"Nani kasema? Mimi simu yangu ikiandika 3:00 ni saa tisa. Mgeni akiisoma hii atafika mchana, akute bahari nzima imesimama mbele yake. Utaua watu na mishale yako."

"Mimi naandika saa kama ninavyozitamka," Bi Mshale alisema. "Saa tatu, naandika tatu. Siku zote..."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya ile tatu na sifuri zake mbili.

Fundi alikuwa amekwisha kuinua kibao chake ili aondoke. Akakirudisha chini polepole sana.

"Ule ujumbe," alisema.

"Ulikuja saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Ya mchana?"

"Sasa saa tisa ya wapi nyingine? Nimefika, maji yamejaa mpaka kwenye matete. Nimekaa nikajiambia, huyu anajua maji kuliko samaki. Hawezi kuniita hapa saa ya maji kujaa kwa bahati mbaya. Anataka nione mwenyewe kwamba hapapitiki." Akajifuta uso kwa mkono wa shati jeupe. "Nikasema, jamani, hata kama ni kunikataa, si angesema tu!"

"Nilikuwepo saa tatu."

"Nilipiga simu mara mbili."

"Nilikata. Nilidhani unataka kunipa sababu. Sikutaka kusikia sababu."

"Sababu ipi? Nilitaka kukwambia nimewakatalia wale watu!"

Mama mwenye duka alikuwa ameacha kujifanya anapanga karatasi. "Miezi mingapi hiyo?"

"Saba," wakasema pamoja.

"Mungu wangu. Na wote mna akili timamu." Akachukua kalamu. "Niandike 'asubuhi' au nisiandike?"

"Andika," Bi Mshale alisema. "Kila mstari."

Nje, baiskeli zao zilikuwa zimeegemea nguzo ileile bila wenyewe kujua. Bi Mshale angepaswa kufurahi, alijua hivyo. Alijipekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, mfuko mmoja, wa pili, na hakupata kitu. Akasema lile tu alilokuwa nalo.

"Bado mshale mmoja. Kwenye nguzo ya ng'ambo. Ile sikuwahi kuichora."

"Kwa nini?"

"Sikutaka kukaa pale."

Fundi alifunga kibao mgongoni kwa kamba. "Leo maji yanapwa saa ngapi?"

"Saa nane. Ya mchana, Fundi. Baada ya chakula. Jua likiwa limepita utosini."

"Nimesikia, mpenzi, si lazima unichoree," alisema, na neno mpenzi lilimponyoka kabla hajalishika. Hakuna aliyeliokota.

Walifuata tuta la bahari, upepo ukiwasukuma ubavuni, yeye mbele, fundi nyuma. Waliteremka kwenye mashamba ya chumvi ambako njia ni nyembamba kama mkanda. Kabla ya kivuko fundi alisimama, akachuchumaa na kupunguza upepo kwenye tairi za Bi Mshale bila kuulizwa. Walivuka kwenye changarawe, maji ya vifundoni yakiruka pembeni. Ng'ambo palikuwa na tope zito mpaka kwenye nguzo, na saa tisa ilikuwa imekaribia.

Bi Mshale alitoa kopo la rangi na brashi, akatafuta pa kupiga magoti. Hapakuwepo. Fundi alifungua kamba, akakilaza kibao chake topeni, herufi juu.

"Kitachafuka."

"Kichafuke."

Alipiga magoti juu ya TUMEHAMA, akaanza kuchora mkia wa mshale.

"Na Jumamosi?" aliuliza, macho kwenye brashi.

"Nitawapigia."

"Utawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba nilisoma saa vibaya."

Hakucheka. Lakini mkono ulisimama, rangi ikadondoka kwenye mbao. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kuchoma, sindano ndogondogo, kama kinavyochoma kiungo kinachoamka. Kilimuuma kwelikweli. Hakumwambia fundi. Alikikunja, akakikunjua, akakiacha kiendelee kuuma.

"Maji," fundi alisema.

Changarawe ilikuwa imeanza kupotea kingo zote mbili. Mshale ulikuwa na mkia tu, haujapata kichwa, haujaelekeza mtu popote. Bi Mshale alifunika kopo, akasimama, magoti yake yakiwa na rangi nyeusi ya herufi.

"Tutamalizia kesho," alisema.

"Saa ngapi?"

Akatoa daftari la maji, akafuata mstari kwa kidole chenye maumivu. Kila siku maji huchelewa karibu saa nzima. Akasoma, akasoma tena.

"Hee," alisema taratibu. "Nikikuandikia tatu na sifuri mbili, kesho utafika sawasawa."

"Sema kwa mdomo."

"Saa tisa, Fundi. Mchana. Njoo na tapentaini ya kufutia hizo herufi."