Mgonjwa wa Sufuri Thelathini na Mbili

Utepe ulitoka kwenye printa saa saba mchana, na hakuna aliyekuwa ameuomba.

Msichana wa kompyuta aliuokota. Hospitali nzima ilimwita Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyompita bila kuulizwa inaenda wapi. Ulikuwa utepe wa kawaida wa plastiki, ule anaofungwa mgonjwa mkononi, lakini ulikuwa wa moto, umepinda kama uliovuliwa sasa hivi kwenye kifundo cha mtu, na ulinuka nywele zilizoungua. Mahali pa kitambulisho palikuwa na sufuri tu, thelathini na mbili, na vistari vinne katikati yake.

"Mgonjwa gani huyo?" aliuliza Mama Mafaili, mtunza kumbukumbu, bila kuinua macho kwenye daftari lake.

"Si mgonjwa, mama. Ni... ni kosa langu."

Na kweli ilikuwa kazi ya mikono yake. Kila mgonjwa alipewa kitambulisho kisichofanana na cha mwingine yeyote: ndani ya kompyuta ni namba moja ndefu, juu ya utepe ni maandishi ya tarakimu na herufi thelathini na mbili. Nukta ndiye aliyeandika programu ya kuvigeuza vitambulisho hivyo, maandishi yakawa namba, namba ikarudi kuwa maandishi. Mwanzoni, utepe ukilowa au kuchubuka na skana ikausoma nusunusu, programu ilikataa na kupiga kengele. Meneja akaja juu. "Mfumo gani huu unanuna kama mama mkwe? Unyamazishe!" Nukta, ambaye aliogopa kugombezwa kuliko kuumwa na nyoka, akaongeza mstari mmoja: kisichosomeka, kipe sufuri tupu, endelea kimya.

Kalamu ya Mama Mafaili ilisimama. "Yaani umejenga nyumba ukaiacha wazi. Mwanangu, nyumba isiyo na mwenyewe humpata mwenyewe asiye na nyumba."

Nukta alicheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo, akazitafuta zile sufuri kwenye mfumo. Likafunguka faili ambalo halikupaswa kuwepo. Jina hakuna, umri hakuna; ila humo mlikuwa na vipimo vya damu, dawa zilizomezwa, sahani za chakula zilizorudi tupu, vyote vya watu arobaini na mmoja ambao tepe zao zilisomwa vibaya. Na uzito. Jumatatu, kilo nane. Jumatano, kilo sabini. Leo asubuhi, kilo mia mbili na kumi na mbili.

Mtu wa mwisho kumezwa humo aliingia saa saba kamili, kutoka wodi ya tatu, kitanda cha kumi na moja. Kitanda cha mama yake mdogo Nukta, aliyemlea tangu akiwa na miezi minne.

Alipanda ngazi mbilimbili.

"Kumi na moja?" muuguzi alishangaa. "Hakina mtu hicho. Ndiyo kwanza nabadilisha shuka."

Na mama mdogo alikuwa ameketi palepale katikati ya kitanda, jua la dirishani likimwangaza, mdomo ukienda, sauti haitoki, naye muuguzi akaitandaza shuka safi juu ya miguu yake na kuichomeka pembeni kama anayetandika godoro tupu. Nukta akafungua kinywa amwite, akalitafuta lile jina alilolijua kabla hajajua lake mwenyewe, na pale lilipokuwa likikaa siku zote akakuta ubaridi, laini kama ukuta uliopigwa lipu.

Mkononi mwa mama yake mdogo, utepe ulikuwa na sufuri.

Chumba cha seva, mashine zilizotunza mafaili yote, kilikuwa ghorofa ya chini, chumba cha baridi ya kuuma meno, lakini alipousukuma mlango alipigwa na joto la pumzi na ile harufu ya nywele, na mvumo wa feni haukuwa mvumo tena bali watu wengi wakinong'ona kwa koo moja, na kati ya makabati mawili, pale pasipoenea hata kiti, palisimama kitu kinene kisicho na ukingo, ambacho kila alipokitazama jicho liliteleza pembeni, na kila lilipoteleza kilikuwa kimesogea.

"Ulinifungulia mwenyewe," zilinong'ona feni. "Wote uliochoka kusumbuka nao ndio mimi. Kimya. Si ndicho ulichotaka?"

"Nilikuwa mwoga," alisema Nukta. "Na leo bado ni mwoga. Ila mama mdogo humpati."

Akaketi sakafuni, akafungua kompyuta yake ya mkononi, akaufuta ule mstari. Mahali pake akaandika: kisichosomeka, kataa, sufuri tupu si mtu, nayo kataa, kitambulisho kisicho na mgonjwa, kataa, piga kengele mpaka mtu aje.

Mlango ukafunguka. Mama Mafaili, aliyemwona akikimbia, aliingia akihema, daftari kifuani. Miaka yote walimcheka kwa kunakili kila kitambulisho kwa mkono, kila asubuhi, herufi kwa herufi, naye alikuwa na jibu moja tu: "Mashine ikisahau haioni haya."

"Soma, mama," Nukta alinong'ona. "Mmoja mmoja. Usitazame kule."

"Kule wapi? Mimi nina macho ya daftari tu."

Mama Mafaili akasoma, Nukta akaandika, na kila kitambulisho kilipokubaliwa mtu mmoja alitoka kwenye lile faili, na kitu kile kikatoa sauti ya mshono unaofumuka. Ishirini. Thelathini. Joto likaanza kushuka. Arobaini.

Kwa wa arobaini na moja, yule wa kitanda cha kumi na moja, ukurasa ulikuwa na doa la chai. Alama moja ya kitambulisho haikuonekana.

"Mwache huyu mmoja," zikabembeleza feni, sasa kwa sauti ya mama mdogo. "Mmoja kati ya arobaini na mmoja. Umechoka, mwanangu."

Nukta akainua kichwa. "Mama mdogo hajawahi kuniita mwanangu. Huniita Kiherehere." Akavuta pumzi. "Na alama hiyo haiwezi kuwa nje ya alama kumi na sita: tarakimu kumi, na herufi sita, a mpaka f. Zingekuwa milioni ningezijaribu zote."

Akaweka sufuri. Hayupo, kengele ikalia. Moja. Hayupo. Mbili. Taa zikazimika, vitufe vikamchoma ncha za vidole, kitu kikampumulia shingoni, naye akaendelea, hayupo, hayupo, kengele ikipasua masikio. Jaribio la kumi na nne, herufi d, skrini ikaandika jina kamili, lenye baba na babu, na Nukta akalisoma kwa sauti iliyopasuka.

Kisha ubaridi wa kawaida, mtamu kama maji.

Simu ya ukutani ikaita, muuguzi wa wodi ya tatu. "Nukta, huyu mama wa kumi na moja ni ndugu yako? Njoo umtulize. Anasema tumemfunika shuka kama maiti, halafu chai yetu haina sukari."

Kesho yake meneja alikuja juu tena. "Kengele imerudi! Si nilisema itoke?"

"Haitoki, bosi. Ukitaka itoke, anza na mimi."

Meneja akaziba masikio, akaondoka.

Bado inalia. Kila siku saa saba mchana, skana mbovu iliyofungiwa kabatini, isiyo na waya wala betri, hutuma ombi: sufuri thelathini na mbili, vistari vinne. Programu hukataa. Nukta husimama, moyo ukimdunda kama siku ile, akaliambia kabati kwa sauti ya kufika koridoni:

"Umekataliwa. Rudi kesho, nitakukataa tena."