Wafanyakazi wa Kijani wa Mama Brashi

Mama Brashi hapendi uchafu hata kidogo. Mtaa mzima unamjua. Maji ya kuoshea banda lake la ng'ombe huishia kwenye bwawa dogo la saruji. Kila Jumamosi, akiona ukijani tu, aliyamwaga yote, akatia dawa ya madoa, akasugua mpaka saruji ing'ae.

Maji hayo yaliteremka hadi kwa shemeji yake, mfugaji wa samaki. Siku moja samaki wakaelea, matumbo juu. Bwana afya akaja.

"Mama, nakupa miezi miwili. Maji yakiendelea kutoka hivi, banda nalifunga."

Ng'ombe wale wanne ndio walioilisha familia nzima. Mama Brashi akalia.

"Nasugua kila wiki! Wanataka nisugue na nini tena, ulimi?"

Wifi yake, fundi wa mabwawa ya majitaka, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachota yale maji ya kijani kwa glasi, akayainua juani.

"Wifi, huu si uchafu. Ni mwani, mimea midogo sana. Mkojo na kinyesi cha ng'ombe vina mbolea. Mbolea hiyo ikizidi kwa samaki, maji yanaharibika, wanakosa hewa. Mwani unaila hapa hapa, ukipata jua. Na wewe kila Jumamosi unaua wafanyakazi wako!"

"Mungu wangu! Mimi?"

"Wewe na brashi yako."

Wakapunguza kina cha bwawa ili jua lifike chini. Mume wa Mama Brashi akawa anakoroga maji asubuhi na jioni. Wiki ya pili, kijani tupu! Wakayahamishia maji kwenye pipa, yakatulia, mwani ukazama. Ya juu, yaliyotakata, wakayatumia kumwagilia nyasi.

"Lakini si ya kunywa," wifi alionya.

Ule ute wa mwani uliozama wakaumimina kwenye mtambo wao wa biogesi, unaotoa gesi ya kupikia, pamoja na samadi.

Miezi miwili ilipotimia, bwana afya alipima maji. Akapima tena.

"Banda linabaki," alisema.

Mama Brashi aliruka kwa furaha, akamkumbatia wifi yake nusura amwangushe. Akakimbilia jikoni kuwachemshia maziwa. Jiko la gesi likawaka moto wa bluu, gesi ya ule ule mwani na samadi!

Alipochungulia dirishani, akamwona mumewe msahaulifu anaelekea bwawani na brashi, eti amsaidie usafi wa Jumamosi.

"We baba!" alipiga kelele. "Weka chini hiyo brashi! Utaniulia wafanyakazi!"