Land Rover Iliyobadilishwa Uso

Hulda alikutwa mtaroni, kando ya barabara ya kijiji cha Yakobi, ukungu ukiwa bado haujainuka. Ndoo yake ya maziwa ilikuwa imepondwapondwa katikati ya njia. Alikuwa hai, lakini hasemi. Gari lililomgonga halikuwapo.

Sajenti Yunis, mpelelezi kutoka Njombe mjini, alifika majeruhi akiwa ameshapelekwa hospitali. Alichuchumaa kwenye tope akaokota vitu viwili: vigae vya kioo cha taa, na kipande cha plastiki nyeusi chenye mistari ya kulala. Anyisile, dereva wa bodaboda aliyepishana na gari hilo, alikuwa na hakika na jambo moja tu.

"Ni Land Rover pikapu, afande. Zile za kizamani, kebini fupi, nyuma wazi. Ya kijani. Namba sikuiona kwa ukungu."

Yakobi nzima ilikuwa na Land Rover moja ya namna hiyo, nayo ni ya mzee Silvesta. Na Yakobi nzima ilijua kwamba Silvesta na Hulda hawakuwa wakisalimiana tangu wagombee mpaka wa mashamba yao ya parachichi. Isitoshe, madigadi ya kushoto ya gari lake, bati la juu ya gurudumu la mbele, ilikuwa imebonyea. Kabla ya saa sita mchana mzee alikuwa mahabusu.

"Madigadi hii ilibonyea lini?" Yunis alimuuliza.

"Wakati wa kuvuna mahindi. Niligonga nguzo ya geti langu. Nenda kaitazame, bado imelala."

"Na Hulda mna ugomvi."

"Tunao, sikatai. Yule mama ana mdomo, na mimi ninao. Lakini nimgonge mtu nimwache topeni?"

Yunis akaweka kile kipande cha plastiki mezani. Mzee akakigeuzageuza vidoleni.

"Mwanangu, gari langu ni la mwaka sitini na sita. Shoo yake ya mbele, huo uso unaofunika rejeta, ni wavu wa chuma, na taa zimekaa humo humo, karibu na rejeta. Plastiki zilikuja baadaye, kwenye zile za sabini na kitu. Hizo taa zake zilishahamia kwenye madigadi."

Yunis alikwenda kuhakikisha mwenyewe uani mwa kituo, ambako gari la mzee lilikuwa limeletwa. Wavu ulikuwa wa chuma, boliti zake zimeshikana na kutu. Vioo vya taa vilikuwa vizima vyote viwili. Alirudi kwa mkuu wa kituo na maneno hayo, lakini mkuu hakutikisika.

"Plastiki ya barabarani inaweza kuwa ya chochote, Yunis. Niletee gari lililovunjika, nitamwachia mzee wako."

Siku chache baadaye akarudi Yakobi kuulizia. Mwenye duka la pembeni mwa barabara akamwambia kuna mfanyabiashara wa mbao kutoka Makambako, mzee Nahumu, ambaye huja na pikapu kuukuu ya kijani. Mtu wa heshima, mzee wa kanisa. Juzi tu alimpelekea Hulda sukari na blanketi hospitalini.

Mwenye gari lililovunjika taa huanzia kwa fundi, kwa hiyo Yunis alipofika Makambako alianza na gereji. Ya tatu ilikuwa ya kijana aitwaye Davis. Nyuma ya banda, kwenye rundo la vyuma chakavu, palilala shoo ya plastiki nyeusi yenye pengo. Yunis akatoa kipande chake, akakipachika. Kikakaa sawasawa.

Davis alianza kukusanya spana zake. Mafundi huendesha magari ya wateja kuyajaribu, na Yunis akadhani amempata mtu wake.

"Ilitoka kwenye gari la nani?"

"La mzee Nahumu. Alisema amegonga ng'ombe. Akataka nimfungie uso wa zamani: madigadi zote mbili, wavu wa chuma, taa za katikati. Nilimshangaa, lakini ni mteja."

Nahumu alikuwa yadi kwake, amesimama kati ya mbao. Gari la kijani lilikuwa nyuma yake, uso wake ukifanana kabisa na wa gari la Silvesta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Gari lako la mwaka gani?"

"Sitini na saba. Sijabadilisha hata boliti moja. Kama Davis amekwambia vingine, muulize yeye huwa anayapeleka wapi magari ya watu."

"Naomba nikae ndani."

Baba yake Yunis alikuwa dereva wa Land Rover ya misheni, ya miaka ya sitini. Utotoni alikaa katikati, kati ya baba na padri, na mshale wa mwendo ulicheza mbele ya magoti yake mwenyewe. Sasa alitazama katikati ya dashibodi. Hapakuwa na saa yoyote, ya mwendo wala ya mafuta. Zote zilikuwa nyuma ya usukani, zikimwelekea dereva.

"Mzee, gari la sitini na saba saa zake ziko katikati. Zilihamia mbele ya dereva kuanzia sabini na moja. Uso hufungwa kwa boliti, mwenye spana anaubadilisha. Kebini ndiyo inayosema umri, na hii si ya sitini."

"Labda Davis alibadilisha dashibodi."

"Umeniambia hujabadilisha hata boliti moja."

Nahumu alikaa juu ya mbao, taratibu.

"Macho," alisema. "Daktari alinikataza kushika usukani mpaka nipasuliwe. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Niliona aibu kubebwa kama mzigo. Siku ile nilisikia kishindo tu. Niliposhuka nikamwona."

"Ulishuka?"

"Nilishuka. Nikaogopa, nikapanda tena."

"Na uliposikia Silvesta amekamatwa?"

"Nilimshukuru Mungu. Hilo ndilo linalonitafuna."

Jioni hiyo Silvesta aliachiwa. Yunis alitaka kumrudisha nyumbani, mzee akasema hospitali kwanza. Walimkuta Hulda amefumbua macho, kichwa kimefungwa bandeji, uji haujaguswa mezani.

"Nimesikia walikufunga wewe," Hulda alisema kwa sauti ndogo. "Wangesubiri niamke. Ningewaambia Silvesta ananichukia, tena sana, lakini asingeniacha topeni."

Silvesta alivua kofia, akavuta kiti, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akachukua bakuli la uji, akakoroga, akamsogezea kijiko.