Nililiiba Jina la Binti wa Mtalaka Wangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mkaazi wa Shela, kisiwa cha Lamu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe. Lakini ukishuka gatini hapa ukauliza ni nani hufufua nyumba za kikale zilizoanguka, utatajiwa mimi kabla hujamaliza kuuliza! Nyumba kumi na moja zimepita mikononi mwangu. Zidaka zangu, vile vishubaka vya chokaa ukutani, wageni huzipiga picha mpaka simu zao zikaishiwa na moto wa betri. Wenye digrii huja kwangu kuomba kazi, nikawapa.

Sisemi haya kwa kujisifu... Basi, najisifu kidogo. Nimetoka mbali. Lakini leo sikukaa chini kuandika sifa zangu. Nimekaa kuandika wizi wangu.

Wakati sina mbele wala nyuma, kibarua wa kukanda chokaa, nilimuoa Zainabu. Yeye ni wa Faza, mji wa ng'ambo ya bahari, na mimi asili ya baba yangu ni huko huko. Tulipanga chumba kimoja mjini Amu, ndiyo Lamu yenyewe, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Mimi nikikosa kazi, yeye akishona kofia mpaka vidole vinatoboka. Tuliishi hivyo miaka kumi na moja. Hakunisema hata siku moja!

Mwaka wa sita alishika mimba. Ilipofika miezi mitano, ikatoka. Mkunga akasema alikuwa mtoto wa kike.

Adhuhuri hiyo Zainabu alilala juu ya mkeka, uso ameuelekeza ukutani. Mimi nimekaa karibu yake. Ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Akasema tangu yu mwanamwali ana jina la binti yake, amelificha moyoni. Asumini. Ndilo lililokuwa jina la bibi yake, aliyemlea baada ya mamake kufa. Nyuma ya nyumba yao bibi huyo alikuwa na mti wa asumini, na mtaa mzima kukiwa na harusi wanawake huja kuchuma kwake.

Alisema siku hizi watu huwapa watoto majina ya kwenye televisheni, kina Asumini wamebaki makaburini. Yeye alitaka mmoja arudi duniani. Lakini alikuwa akiogopa husuda, hakutaka jina litajwe kabla mtoto hajazaliwa.

"Tunaolijua ni wawili, mimi na wewe," aliniambia. "Usilitaje mpaka Mungu atupe."

Niliapa. Tena niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu!

Tulipotimiza miaka kumi na moja, mambo yangu yakafunguka. Nikapata nyumba ya kwanza, ya pili, kisha kazi kubwa ya hoteli huko Ras Kitau. Nikaanza kunukia marashi ya watu wengine. Marafiki wakaniuliza nyumba ninazojijengea nitamwachia nani, na mke hazai. Na mimi nikajiuliza swali hilo hilo, kana kwamba ni la maana! Nikamwandikia Zainabu talaka, nikampa mtu ampelekee. Sikuwa na uso wa kumpa mwenyewe. Akakunja nguo zake, akarudi Faza.

Nikamuoa Nasra, msichana wa hapa Shela, wa miaka ishirini na sita. Mwaka wa tatu tukajaaliwa mtoto wa kike. Nilipomwadhinia sikioni nililia kama mtoto mwenyewe.

Sasa jina... Nasra ni mtu wa maneno yake. Akasema, "Mimi sitaki Aleyna wala Hayfa. Mtaa huu ukiita Hayfa wanageuka watoto sita na paka mmoja! Nataka jina la kikale. La ua, la mti, la kitu chenye harufu. Wewe si ndiwe fundi wa vitu vya kikale? Haya, nifufulie jina!"

Alinigusa penye fahari yangu. Nikamwambia hilo ni jambo dogo kwangu. Nikaleta Waridi. Akasema ni jina la sabuni. Nikaleta Marjani. Akasema la mwanamume. Nikaleta Lulu, akacheka mpaka akashika tumbo: "Lulu ni mbuzi wa jirani!" Siku zinakwenda, siku ya saba ya kumpa jina yaja, na mimi niliyejitapa sina kitu mkononi.

Siku ya tano, tunakunywa chai, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Asumini."

Nasra alifumba macho. Akalirudia taratibu. Akauliza ni la nani. Nikasema ni la bibi yangu mzaa baba.

Uongo! Bibi yangu mzaa baba akiitwa Mwanaisha.

Msidhani nilijisahau. Nilijua ninachofanya, na moyo ulinigonga. Lakini nilijipa maneno. Nilisikia Zainabu ameolewa huko Faza na mchuuzi wa samaki, mtu mzima aliyefiwa na mke. Nikasema, mwanamke ana miaka arobaini na miwili, atalifanyia nini jina lile? Limelala tu kama nyumba mbovu, mimi nalifufua. Mwaona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya kwa lugha ya kazi yake?

Akika ya mtoto wa kike sunna yake ni mbuzi mmoja. Mimi nilichinja wanne! Tena nikatuma boti Faza iwalete jamaa zangu. Nilisema ni kuunga udugu. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka habari zimfikie Zainabu, ajue mimi mwenzake si mgumba. Ndivyo nilivyokuwa, ndugu zangu...

Ndani ya boti ile alikuja Bi Mwanaheri, shangazi... la, si shangazi, ni mama mdogo wa Zainabu. Jina lilipotangazwa nilimwona anageuza kitwa, mato kayakaza kwangu. Baadaye, mbele ya wanawake wenzake, akaniita.

"Mwanangu, Asumini wa kwenu ni yupi? Nyinyi nawajua wote, kina Mwanaisha na kina Fatuma. Asumini ni mame yangu mimi. Au mame alizaa kwenu sina habari?"

Wanawake walikufa kwa kicheko. Na mimi nikacheka, nikasema Asumini ni wengi duniani. Yeye hakucheka. Alisukuma sahani ya pilau, hakuila tena.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Siku ile ninachinja mbuzi wanne, Zainabu alikuwa na mimba ya miezi minne. Ameificha, kama ilivyo tabia yake.

Miezi mitano baadaye dada yangu wa Faza alinipigia simu. Zainabu amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikauliza wamemwita nani. Dada akasema, "Wewe umemfanya nini mtoto wa watu?"

Akanieleza. Watu wa upande wa mume walimuuliza Zainabu anataka jina gani. Kabla hajajibu, wifi yake mmoja akamwambia asithubutu kusema Asumini, hata kama ni jina la bibi yake, kwani muyi mzima, Faza yote, wajua huyo ni mtoto wa yule wa Shela. Watasema umezaa kwa mume huyu, moyo bado uko kwa mume yule! Zainabu akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akasema, "Mwiteni mtakavyo." Wakamwita Salma.

Miaka yote ile alingoja. Mungu akampa. Na mkono wangu ukamtangulia!

Sikumwambia Nasra. Lakini visiwa hivi maneno hayafichiki, siku hizi yanasafiri kwa sauti za simu. Binti yetu alikuwa na mwaka na nusu. Nasra alikuwa akimlisha uji. Akaniuliza bila kunitazama, "Bibi yako mzaa baba aliitwa nani?"

Nikaanza, "Asu..."

"Apa kwa Mungu."

Sikuweza. Aliweka kijiko chini. "Kumbe mwanangu umemvisha nguo ya mtoto mwenziwe! Ukaniacha nimtembeze nayo mtaani, nikijisifu!"

Alikwenda kwa wazazi wake miezi miwili. Aliporudi, hakulitaja tena jina lile. Akimtaka mtoto husema, "Ee, we mtoto." Mnajua inavyouma? Mtoto anajifunza kusema, na mamake hamwiti jina! Na mimi nikimwita, anakuja mbio mikono ameinyoosha, na kila akija najiona mwizi aliyeshikwa na kitu mkononi. Kazini nilikuwa nasimama mbele ya ukuta, chokaa inakauka kwenye mwiko, vijana wananitazama.

Nikaamua kwenda Faza. Nilivaa kanzu ya kawaida, sikuchukua zawadi, nilijua zawadi zangu ni kelele tu.

Mumewe, Bwana Athmani, alinipokea barazani. "Karibu Bwana fundi. Sifa zako hata samaki wanazijua." Sikujua ni mzaha au ni sumu. Nikamwomba ruhusa niseme na mkewe, yeye mwenyewe akiwapo. Akamwita.

Zainabu alikaa ubavuni mwa mumewe, Salma mapajani. Amenenepa kidogo. Mtoto ana macho yake.

Nikasema, "Bi Zainabu, nimekuja kulirudisha. Binti yangu nitambadili jina. Asumini ni wako, mpe mwanao."

"Nimpe vipi? Huyu ashaitika Salma. Na wako ashaitika Asumini. Utamng'oa mtoto jina kama boriti?"

"Mwanao hana kosa," akasema. "Jina nimempa. Nimempa mimi, si wewe. Kamwambie mamake amwite bila kinyongo."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Nisamehe..."

Alimhamisha mtoto paja la pili. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Siku ile ya mkeka sikukwambia kwa sababu una kitu. Hukuwa na kitu. Nilikwambia kwa kuwa ulikuwa mume wangu. Hilo ndilo uliloliiba. Jina ni dogo."

Nililia mbele ya mwanamume mwenzangu, mimi ambaye mafundi ishirini huniogopa! Zainabu akasema, "Leo siwezi. Nikiweza nitakuletea salamu." Akainuka, akaingia ndani na mwanawe. Bwana Athmani akanimiminia kahawa. "Kunywa, Bwana. Boti haitakungoja."

Niliporudi nilimwambia Nasra neno kwa neno, hata yale yaliyonivua nguo. Alikwenda mlangoni, mtoto anacheza uani, akaita, "Asumini, ndoo! Njoo kwa mamako!" Mtoto akashtuka kwanza, hakuizoea sauti ya mamake kwa jina lile. Kisha akaja mbio. Wakakumbatiana pale chini, na mimi nimesimama, siko ndani ya kumbatio lile.

Ni mwaka sasa. Nilimuuliza sheikh mmoja kama toba yangu inatosha. Akaniambia haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Watu wakiniuliza binti yangu kaitwa jina la nani, nasema kweli: la bibi yake Zainabu, mke niliyemwacha. Wengine hunicheka usoni. Wana haki.

Wanaume wenzangu, nawasihi! Mkiachana na mwanamke, msidhani ni vyombo na nguo tu ndivyo vyake. Yale aliyokuambia siku ameanguka, akakuamini peke yako, nayo ni yake. Mwache aondoke nayo. Wala usiseme umri umempita, hana haja nayo tena. Wewe si Mungu, hujui tumbo lake limebeba nini! Na ukiwa tayari umeshachukua, usingoje kama mimi nilivyongoja. Nenda leo ukaombe radhi, hata kama utarudi mikono mitupu kama nilivyorudi mimi.

Salamu kutoka Faza bado hazijaja.