Tope la Zawadi

Jumamosi soko la Xochimilco, mji wa mifereji, halina nafasi hata ya kupitisha kiwiko, lakini yule kijana alipita. Shati jeupe lililopigwa pasi, buti za ngozi zinazong'aa, manukato yaliyofika mezani kabla yake. Yadira alimtupia jicho, akatazama kucha zake mwenyewe zilizojaa tope, akaendelea kunyunyizia saladi zake maji.

"Bibie, saladi hizi ni za leo?"

"Hapana, zimebaki kwenye harusi ya bibi yangu. Huoni umande?"

Kijana akacheka. "Basi nipe hizo hizo za harusi. Naitwa Uriel. Na usinione hivi, mimi ni mtoto wa mifereji. Babu yangu alilima chinampa."

"Na wewe unalima nini, kola ya shati?"

"Nina biashara ndogo ya Jumapili," akasema kwa mkato, kisha akaomba namba ya simu.

Yadira alimpa. Baadaye alijilaumu sana, lakini alimpa.

Simu zikaanza.

"Mrembo, umekula?"

"Tamali mbili."

"Nikuletee ya tatu?"

"Niletee kitu ambacho mwanamume mwingine hajawahi kuniletea."

Jumatatu asubuhi Uriel alikuja na mtumbwi uliojaa tope jeusi la mferejini, suruali imekunjwa hadi magotini, manukato yote yamezidiwa. Mama yake Yadira alicheka mpaka akashika mbavu.

"Maua kila mtu analeta. Huyu kaleta tope! Mwanangu, huyu usimwache."

Chinampa ni shamba lililoinuliwa katikati ya maji kwa tope la mifereji, na tope hilo hilo ndilo kitalu. Yadira alilitandaza, akaliacha likauke kiasi, akalikata kwa kisu vipande vidogo vya mraba. Kila kipande akakitoboa kwa kidole na kutia mbegu ya romerito, mboga ya Krismasi. Msimu wao wote aliuweka mle, na moyo wake juu yake.

Miche ikachipua, ikapinda, ikawa njano, ikafa. Juu ya kitalu kukatanda ukoko mweupe wa chumvi. Alipoubandua, akakutana na harufu ya choo.

Akampigia siku ile ile, Jumapili.

"Uriel, tope lile ulichota wapi?"

"Kwetu, mpenzi. Mferejini kwa babu."

"Mfereji upi?"

"Nina wateja hapa, nitakupigia." Nyuma ya sauti yake filimbi ililia.

Yadira akaingia mtumbwini na gauni lake la kanisani, akashika pondo.

Chinampa ya babu yake Uriel ilikuwa uwanja wa mpira. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha askari. Mierebi iliyoshika kingo imekatwa ili mpira usinase matawini. Pale ukingo ulipobomoka, matumbo ya shamba yalionekana: matofali, vigae, mapande ya zege, kifusi cha nyumba za mjini kilichomwagwa ili ardhi iwe ngumu. Bomba la choo lilikuwa likimimina mferejini, mchana kweupe, bila haya. Uriel alisimama katikati na filimbi mdomoni.

"Hii ndiyo biashara ndogo?"

"Yadira! Njoo pembeni tuongee, watu wanatazama."

"Watazame!"

"Kila mtu hapa anafanya hivi. Saladi hazilipi, wewe mwenyewe unajua."

"Najua! Watu hawa wananibania bei ya saladi sokoni, halafu Jumapili wanatoa noti wakanyage shamba zilikoota! Wazee wako walibeba tope hili kwa mikono, tabaka juu ya tabaka, ili wewe ulizike chini ya vyoo vya watu vilivyovunjwa? Unalimwagia dawa ya magugu, unalifungulia bomba, kisha unalichota unaniletea zawadi!"

"Sikujua litaua miche."

"Hukujua! Mtoto wa mifereji!"

"Refa," mchezaji mmoja akapaza sauti, "umepewa kadi nyekundu!"

Yadira akachomoa kisu chake cha kitalu, akapiga goti mbele ya goli, akakichoma ardhini. Kikagonga na kugoma.

"Kwetu hiki kinazama mpaka mpini. Hapa hata ncha haiingii. Usinipigie tena."

Krismasi ile mama yake alinunua romerito kwa watu wengine, kichwa ameinamisha. Yadira hakuonja.

Uriel alipiga.

"Nimeng'oa magoli."

"Magoli si kifusi." Akakata.

"Nimeziba bomba."

"Aliyeliweka nani?" Akakata.

"Natoa kifusi, Yadira. Mikono inavuja damu."

"Paka mafuta ya nguruwe," akasema Yadira. Safari hii hakukata.

Mvua zikaja, zikaenda, zikarudi. Asubuhi moja simu ikalia kabla chai haijachemka.

"Kisu kinazama!"

"Umechagua palipo laini. Nakuja kujaribu mwenyewe."

Alimkuta amevaa fulana iliyotoboka, buti zimekwisha rangi, amekonda. Ukingoni vijiti vya mierebi vilikuwa vimeanza kutoa majani. Lundo la matofali lilisubiri mtumbwi wa kulichukua. Yadira hakumsalimu. Alikwenda moja kwa moja pale goli lilipokuwa, palipokanyagwa kuliko pote, akapiga goti na kusukuma kisu kwa uzito wake wote. Kikaingia. Kikakwama katikati. Nyungunyungu mmoja mwembamba akajinyonganyonga kando ya chuma.

"Nusu," akasema.

"Nusu ndiyo nini sasa? Mimi nilitaka kumwona mama yako Jumapili."

Yadira akafuta kisu kwenye sketi yake, taratibu, akijaribu kuuzuia uso wake usicheke.

"Nusu ni uchumba. Harusi ni mpini." Akamnyooshea mkono. "Koleo la pili liko wapi?"