Mfano wa Arobaini

Kompyuta mpakato ya marehemu ilikuwa imetoweka mezani. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima.

Inspekta alitazama mstatili safi uliobaki kwenye vumbi. Hapo ndipo alipoketi mhandisi mzee hadi moyo wake uliposimama, siku tisa zilizopita. Ofisi nzima ilimwita Mzee Rudia, maana hakuna hesabu aliyoikubali mara ya kwanza. Kwa miaka miwili alikuwa akiirekebisha programu ya kukokotoa majengo ili ifuate viwango vipya vya ujenzi.

"Kesho wahandisi mia mbili wanaipokea," mkurugenzi alilalamika. "Na imo humo tu. Mzee hakutoa nakala ya kazi ambayo haijaiva."

"Kingine kilichoibwa?"

"Vikorokoro, afande. Kikokotoo chake na kitabu cha viwango."

Inspekta aliinua kichwa. Mwizi wa kuuza angebeba printa. Huyu alitaka kufanya kazi.

Jalada la majaribio ya programu lilikuwa na mifano arobaini. Kila jibu la programu liliambatana na hesabu ya mkono, mwandiko mdogo uliopangika kama tofali, kisha alama nyekundu ya vema. Mingine ilirudiwa mara sita. Inspekta alijikuta amevua kofia.

Mfano wa arobaini ulikuwa na vema tu. Hesabu ya mkono haikuwepo.

"Vema hii ya nani?"

"Ya Mzee. Nani mwingine?"

"Karatasi imechapwa tarehe saba. Mzee alifariki tarehe tano. Aliomba ruhusa huko aliko?"

"Ulibaki mmoja tu, afande. Na siku tulishaitangaza."

"Kwa hiyo ukaiweka wewe."

"Ndiyo."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Msanifu programu wetu. Siku hizi anashinda kwa mjane wa Mzee."

Mjane alifungua mlango akiwa na penseli sikioni. Meza ya kulia chakula ilifunikwa na karatasi. Nyuma yake aliketi yule msanifu programu, dada mwembamba, macho mekundu, kompyuta iko wazi mbele yake.

"Shikamoo, afande. Niliiba mimi. Mama hakujua."

"Nilijua," mjane alidakia. "Usinizushie ujinga nyumbani kwangu. Tarakimu anakusomea nani?"

"Kwa nini uliiba?" Inspekta aliuliza.

"Niliona ile vema, nikajua si yake. Nikaukokotoa mfano kwa mkono, kama alivyonifundisha. Jibu halikulingana." Aligusa mchoro wa sakafu iliyokalia nguzo. "Viwango vipya vinataka nguvu ipimwe karibu zaidi na nguzo. Hapa programu bado inapima kule kwa zamani. Ingepitisha sakafu nyembamba, na siku moja nguzo ingeitoboa, watu wamo ndani."

"Ulimwambia mkurugenzi?"

"Mara mbili. Akasema Mzee alishatuchelewesha vya kutosha."

Inspekta alichukua ukurasa wa juu. Mwandiko ulikuwa wa dada huyu, lakini mpangilio ulikuwa wa Mzee, mstari kwa mstari.

Alitoa simu, akampigia mkurugenzi.

"Kompyuta imepatikana. Sasa ni kielelezo katika kesi ya kughushi. Haitoki mikononi mwa polisi mpaka ikaguliwe yote."

Akavuta kiti, akaketi.

"Maelezo yako nitayaandika, dada. Imebaki kiasi gani?"

"Kurasa nne. Halafu narudia."

"Rudia," alisema Inspekta. "Nipo."