Jiwe Lililolambwa

Harufu ya kitunguu saumu ilijaa sebuleni, na mke wa mtaalamu wa miamba alikuwa hajamenya hata punje moja. Alikagua jikoni, akakagua nyuma ya kochi, mwisho akainamia jiwe ambalo mumewe alilileta jana kutoka mgodini na kulipandisha juu ya kabati. Harufu ilitoka humo.

Mtaalamu alicheka. Kwa sauti aliyowatengea wajinga, yaani watu wote, alimweleza kwamba mwamba ule zamani ulikuwa tope. Ukafukiwa, ukabanwa, ukapashwa moto hadi ukageuka mwamba mwingine bila kuyeyuka, na dhahabu ikapenya kwenye nyufa zake. Madini yanayoandamana na dhahabu hiyo hunuka kitunguu saumu yakigongwa.

"Sasa nani kaligonga?" mke akauliza.

Mtaalamu akajifanya anatafuta miwani.

Wachimbaji walikuwa wamemwonya. Jiwe la mshipa ule wa dhahabu hulowanishwa kwa maji, halilambwi, maana lina mwenyewe. Lakini watu wa taaluma yake hulamba jiwe ili chembe zake zionekane vizuri, na huyu alililamba mbele yao mara mbili, ulimi nje kama mbuzi aliyeona chumvi, kisha akawauliza huyo mwenyewe yuko wapi.

Adhuhuri ikaanza sauti ya nyundo ndogo, ko, ko, ko. Mke akatega sikio kwenye jiwe, kimya; akatega ukutani, kimya; akamsogelea mumewe aliyejilaza kitandani akilalamika joto na uzito, akaweka sikio kifuani pake, na humo ndani, nyuma ya mbavu, mtu alikuwa akigonga taratibu bila haraka yoyote, kama anayetafuta mahali pa kupasulia. Mke aliogopa hadi akashindwa kulia, akatuma aitwe mganga.

Mganga alipofika hakufungua hata mkoba wake.

"Alirudishe jiwe kwa mikono yake alikolitoa, aombe radhi," alinong'ona. "Kabla jua halijazama. Akibebewa, haisaidii."

"Mume wangu, nakuomba," mke akasema. "Twende tu. Nitakushika mkono."

"Nikaombe radhi kwa jiwe? Wale wachimbaji watanicheka."

Basi hakuchekwa. Jua lilipozama alikuwa mgumu, mzito, ngozi imejipanga matabaka, na wanaume wanne walishindwa kumgeuza. Mke alimfuta uso kwa kitambaa, na kitambaa kikabaki na vumbi la manjano linalong'aa.

Ndipo akaingia shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye hakuwahi kuleta hata kilo ya sukari nyumba ile. Mke alimsimulia yote, tangu kulamba alikokiri mumewe hadi kugongwa. Shemeji alitikisa kichwa kwa huzuni ya kukopa, akachukua kitambaa, akasogea nacho kwenye taa. Akatazama nyuma kuona kama anaonekana.

Kisha akatoa ulimi.

Ko, ko, ko. Mke akageukia kitandani, lakini kule kulikuwa kimya.